Gari Lililotoka Nchini kwa Kusukumwa

Injini ilikufa tulipokwisha kuipita Masumbwe, mahali ambapo barabara inapanda kidogo kabla ya kuelekea kwetu Ushirombo. Haikufa kwa kishindo. Ilitoa moshi mweupe, ikakohoa, ikanyamaza. Mume wangu akaliacha gari lijivute hadi kando, akavuta breki ya mkono, akakaa na mikono yake miwili juu ya usukani kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, wakati hata sabuni ya kufulia ilipatikana kwa foleni. Mimi nilikuwa nimeondoka nyumbani nikiwa msichana, kwenda Ujerumani kusomea uuguzi, na huko nikaolewa na seremala. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akang'oa rafu zote, akatengeneza ndani yake kitanda, makabati, meza ya kukunja na mahali pa jiko la gesi. Likawa nyumba. Tulilipakia melini hadi Dar es Salaam, tukakusudia kwanza kwenda kumwonyesha baba yangu mkwewe, kisha tutokee Rwanda na kurudi Ulaya polepole kwa barabara, tukipika na kulala humo humo. Tulikuwa vijana. Ramani ilionekana ndogo.

Mkulima mmoja wa Kisukuma alikuwa akirudi kutoka shambani na ng'ombe wake wa plau. Akasimama, akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Mwadila, mayu," akanisalimu.

"Mwadila," nikaitikia, na nikaona aibu jinsi salamu ile ilivyonitoka kwa uzito baada ya miaka mingi.

"Linakwenda wapi?"

"Ushirombo."

"Mbona ni karibu," akasema, akaanza kufungua mnyororo wa plau.

Hivyo ndivyo nilivyorudi nyumbani. Ng'ombe wanne walituvuta, mume wangu akiwa kwenye usukani, mimi nikitembea kando na yule mkulima. Baba yangu alikuwa amesikia kwamba tunakuja. Alikuwa mjane, mkulima wa mpunga na karanga, Mkatoliki asiyekosa rozari ya jioni. Alitoka nje akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alingoja ng'ombe wafunguliwe, akapokea shikamoo yangu, akampa mkono mume wangu, kisha akasema, "Niliambiwa mnakuja na nyumba. Sikuambiwa kwamba ni ya kuvutwa."

Kwa siku kadhaa hatukuwa na wasiwasi. Tuliishi ndani ya gari uani kwa baba, shangazi zangu wakija mmoja mmoja kujaribu kitanda na kufungua makabati. Halafu fundi wa karakana ya misheni alikuja, akafungua injini, akafuta mikono taratibu. Alituambia kwamba bloku, ule mwili wenyewe wa injini, imepasuka. "Naweza kuchomelea," alisema, "lakini itawafikisha Runzewe tu, halafu itawaacha porini." Injini nyingine ya aina hiyo hakuna aliyekuwa ameiona, wala Kahama wala Mwanza. Vipuri vya magari ya kawaida tu vilikuwa vigumu kupatikana. Vya gari la mikate la Ujerumani, nani angekuwa navyo?

Hapo ndipo mume wangu alipotoa kile tulichokuwa tukikiita pasipoti ya gari. Gari la mgeni halikuingia nchini hivi hivi. Lilikuja na kitabu chake, likagongewa muhuri bandarini, na lilitakiwa litoke ndani ya muda uliowekwa na kugongewa muhuri mwingine mpakani. Lisipotoka, linahesabiwa kwamba limeingizwa na kuuzwa, na ushuru wake unadaiwa kwa waliotoa kitabu, chama cha wenye magari kule Ujerumani. Nao waliotoa kitabu hawatoi bila dhamana. Dhamana yetu ilikuwa nyumba ya mama mkwe wangu. Yule mama alikuwa ametia sahihi akiwa jikoni kwake, akituambia tusimletee sanamu za mbao, tumletee picha tu.

Nilijua habari hiyo tangu mwanzo, lakini niliijua kama mtu anavyojua kwamba meli inaweza kuzama.

Habari ya gari letu ilisambaa. Siku moja akaja mtu kutoka upande wa Geita, amevaa viatu vizuri vyenye vumbi jekundu. Alikuwa mwenye duara, yaani mwenye shimo la dhahabu na wachimbaji wake. Alilizunguka gari, akagonga bodi kwa kidole, akaniambia, "Dada, niuzieni. Nalivuta mpaka machimboni, nalifanya duka. Kule porini nani atauliza?"

Nikamtafsiria mume wangu. Akafikiri kidogo. "Mwambie mama yangu atauliza," akasema.

Yule mtu alicheka, akatuaga kwa adabu. Lakini baada ya hapo mume wangu alianza kuamka alfajiri na kukaa nje akiangalia matairi.

Tukaenda Shinyanga, yeye na mimi, juu ya lori la mchele hadi Kahama, kisha kwa basi. Katika ofisi iliyoshughulikia ushuru wa magari tulipokewa na mama mmoja wa makamo, mwenye miwani na sauti ya chini. Nilimwamkia, akaitikia, akatuelekeza viti. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, na ule upole wake ulinitia hofu zaidi.

"Gari la nani?" akaniuliza.

"La mume wangu, mama."

"Na wewe?"

"Mimi ni wa Ushirombo."

"Nakuuliza pasipoti. Ni mgeni au mwenyeji?"

Nikampa pasipoti yangu ya Tanzania. Aliifungua, akaitazama picha, akanitazama mimi. "Basi mshukuru jina lako halimo kwenye kile kitabu," akasema. "Mwenyeji haruhusiwi kuingiza gari kwa mlango wa wageni. Lingekuwa lako, leo tungekuwa tunazungumza mengine."

Nilimweleza yote, moshi mweupe, bloku, ng'ombe. Alisikiliza bila kunikatisha. Kisha akatueleza njia zilizokuwapo. Tungeweza kulilipia ushuru na kulifanya la hapa, lakini hiyo ingehitaji leseni ya kuingiza mali, na leseni ingehitaji fedha za kigeni, na maombi yote yangepelekwa Dar es Salaam. Tungeweza kuliacha kwa serikali, lakini serikali nayo ingepaswa kukubali kwa maandishi, na hadi majibu yarudi muda wetu ungekuwa umekwisha zamani. Au lingetoka.

"Lakini ni bovu, mama."

"Nimesikia."

Mume wangu alikuwa akitutazama midomo, akijaribu kukamata neno. Sijui swali lile lilitoka wapi. Nadhani lilitoka kwenye uchovu.

"Lazima litoke likitembea lenyewe?" nikauliza.

Yule mama aliinuka, akaleta kitabu cha kanuni chenye jalada lililochanika, akasoma kwa muda mrefu huku kidole chake kikifuata mistari. Nje mtu alikuwa akipiga taipu kwa kidole kimoja.

"Inasema lionekane mpakani likitoka," akasema mwishoni. "Namba ya chasisi isomwe, na ya injini isomwe. Kutembea hakukutajwa."

"Basi litatoka."

"Kwa kutumia nini?"

"Hilo bado sijui, mama."

Alitabasamu, mara ya kwanza. Alituongezea wiki mbili, akaandika barua ya kuonyesha mpakani, na alipokuwa akiikunja akanionya. "Injini ile ile iliyoingia ndiyo itoke, hata kama ni chuma tupu. Na kila kilichoingia humo kitoke. Jiko, godoro, hata pazia. Usiwaachie shangazi zako zawadi."

Nilipomtafsiria mume wangu ngazini, alisimama, akaniomba nirudie yale maneno ya kutembea hakukutajwa. Nikarudia. Akakaa kwenye ngazi ya ofisi ile, watu wakipita, akacheka mpaka akafuta machozi.

Palikuwa na duka pale Ushirombo la familia moja ya Waislamu wa asili ya Kihindi. Babu yao alikuja zamani, na mzee mwenye duka alizaliwa hapo hapo. Kisumbwa chake, lugha yetu ya pale, kilikuwa kizuri kuliko changu. Baba alikuwa akimuuzia karanga tangu nikiwa mdogo, na mimi nilikuwa nikitumwa kwake chumvi. Alikuwa na lori lililokuwa likienda Ngara kuchukua kahawa, na kutoka Ngara si mbali kufika Rusumo, kwenye daraja la Rwanda.

Tulikwenda kwake, baba na mimi. Nilimweleza tunachohitaji, nikamwuliza atatutoza kiasi gani kutuvuta.

Mzee alimwita mkewe kutoka nyuma. Alikuwa mama mfupi, ana shungi jeupe, mikono imejaa unga. Wakazungumza kwa Kikachi, lugha ya babu zao. Yule mama alinitazama, akamtazama mumewe, akasema neno moja.

"Mwanangu," mzee akaniambia, "miaka yote nimeuza sukari kwa watu wanaokwenda Rusumo. Wanarudi wananisimulia maporomoko, maji yanavyonguruma chini ya daraja. Mimi mwenyewe sijayaona. Huyu kila mwaka ananiambia, mwaka huu twende, na kila mwaka kuna mzigo. Lori langu lina nafasi ya dereva na mtu mmoja. Ninyi mna nyumba nzima tupu. Tuchukueni ndani, sisi tuwavute."

"Ndani ya gari bovu, mzee?"

"Lina kitanda?" akauliza mkewe.

"Lina kitanda, mama. Na jiko."

"Basi si bovu," akasema.

Siku ya kuondoka baba alileta mfuko wa mchele, akauweka sakafuni mwa gari. Paroko naye alituletea barua ya mabruda wa Rwanda, waliokuwa tayari kulipokea gari. Alitaka kumuaga mkwewe kwa Kiswahili, mkwewe naye akataka kumuaga kwa Kisumbwa, na wote wawili wakaishia kutikisa vichwa na kushikana mabega. Lori lilifungwa kwa mnyororo mnene na bomba la chuma katikati, ili tusigonge nyuma yake kwenye miteremko. Dereva wa lori, mtu wa Bukombe mwenye subira, alimweleza mume wangu kwa ishara za mikono: akitoa mkono hivi, shika breki, akitoa hivi, achia.

Safari ile naikumbuka kwa vumbi na kwa harufu ya iliki. Mume wangu mbele, macho hayatoki kwenye mnyororo. Mzee kando yake, amevaa kofia yake ya vito, akisimulia kila kijiji tulichopita, nani alikopa nini na nani alioa wapi, ingawa jirani yake hakuelewa neno. Nyuma mimi na mama tumekaa kitandani, na jiko limewashwa, kwa sababu mama alikuwa amegundua kwamba gari linalovutwa haliendi kasi, na kitu kisichokwenda kasi kinafaa kwa kupikia chai.

Tulipita Runzewe, tukalala Nyakanazi, wanawake ndani na wanaume kwenye lori. Kesho yake tukafika kizuizi cha ndorobo. Siku hizo ukitoka kwenye pori la mbung'o, gari lilisimamishwa, na mtu wa idara aliingia na wavu na bomba la dawa kuwakamata wadudu waliojificha. Yule bwana alizoea mabasi na malori. Alifungua mlango wa nyuma wa gari letu, akainua wavu wake, akamkuta mama wa Kihindi anasukuma chapati juu ya meza.

Alibaki pale na wavu juu.

"Karibu, baba," mama akamwambia. "Ingia, lakini dawa usipulizie hapa kwenye unga."

Aliingia, akakagua chini ya kitanda na nyuma ya mapazia. Akampata ndorobo mmoja, akamtia kwenye chupa. Akaondoka na chapati mbili zilizofungwa kwenye gazeti. Akamwambia dereva wa lori kwamba amefanya kazi hiyo tangu ujana wake na hajawahi kukagua jiko.

Rusumo unaisikia kabla ya kuiona. Tulifika asubuhi. Afisa wa forodha upande wetu aliisoma barua ya Shinyanga mara mbili, akatoka nje kutuangalia, akaisoma tena. Akalala chini ya gari mwenyewe kusoma namba ya chasisi. Namba ya injini aliipata kwa kufuta grisi kwa kitambaa, na alipoilinganisha na ile ya kitabuni nilimwona mume wangu amefumba macho. Zilikuwa sawa. Muhuri ukagongwa. Pasipoti zetu sisi wenyewe hakuzigonga. "Ninyi mnakwenda na kurudi," akasema. "Hili linakwenda tu."

Lori lilikuwa halina kibali cha kuvuka. Kwa hiyo mnyororo ulifunguliwa, na gari letu likasukumwa. Tulikuwa mimi, mzee, dereva, askari wawili waliokuwa wamemaliza zamu, na akina mama waliokuwa wakivuka na ndizi, ambao waliweka mikungu yao ndani ya gari letu ili wasukume wakiwa mikono mitupu. Mume wangu alikuwa kwenye usukani. Chini yetu maji yalikuwa yakipasuka kwenye mawe, na mvuke ulipanda hadi kwenye nyuso zetu.

Upande wa pili, mlinzi wa Rwanda aliinua mkono. Tukasimama. Alizungumza Kifaransa, na mume wangu alikuwa na Kifaransa kidogo cha shule. Nilielewa kabla hajatafsiri. Gari lisilotembea haliingii. Mkuu wao yuko kwenye chakula. Tungoje.

Tulingoja pale pale, gari likiwa limetoka nchi moja na halijaingia nyingine. Akina mama wa ndizi walichukua mizigo yao, wakatupa pole, wakaenda. Hofu ilinipata wakati huo kuliko wakati wowote. Niliwaza kwamba tukilirudisha Tanzania, litakuwa limeingia upya, na yote yataanza tena. Nikawaza nyumba ya yule mama kule Ujerumani, jiko lake, mahali alipotilia sahihi. Mume wangu alikaa kwenye ngazi ya mlango, akichokoa vumbi kwenye bawaba ya kabati kwa ukucha.

"Tusali," nikamwambia.

"Salini ninyi," akasema mama wa Kihindi, "mimi nachemsha chai. Vyote vinasaidia."

Mkuu alikuja akiwa ameshiba na mtulivu. Alikuwa mtu mrefu, ana mvi. Alilizunguka gari, kisha akanigeukia mimi na kusema kwa Kiswahili safi kwamba mama yake alikuwa wa Bukoba.

"Dada, gari hili mnalileta kwetu lifanye nini?"

Nikamwambia ukweli wote. Kwamba hatulileti lifanye chochote. Kwamba paroko wa Ushirombo aliwaandikia mabruda wenye shule ya ufundi huku kwenu, wakajibu kwamba watalipokea liwe la wanafunzi kujifunzia, na watalifuata wenyewe kwa trekta yao. Nikampa barua ya mabruda.

Alisoma, akaikunja. "Kama ni gari, siwezi," akasema. "Gari lazima liwe na kitabu, lazima litembee, lazima siku moja litoke. Kama ni chuma chakavu kwa ajili ya shule, chuma hakitembei, wala hakitoki. Naandika kwamba nimepokea chuma. Lakini mwenye mali aseme mwenyewe. Ni gari au ni chuma?"

Nikamtafsiria mume wangu. Aliingia ndani. Nikamsikia akifungua kabati moja na kulifunga, akafungua jingine na kulifunga. Alikuwa ametumia majira ya baridi mawili kuyatengeneza. Akatoka na begi letu la nguo, akashuka, akafunga mlango kwa upole kama mtu anayeacha mtoto amelala.

"Chuma," akasema. Akalisema kwa Kiswahili.

Mkuu aliandika. Muhuri wake ulikuwa mdogo kuliko wetu, wino wa zambarau. Askari wake wakalisukuma gari hadi chini ya kivuli cha ofisi yao, wakatupa nakala, na mambo yakawa yamekwisha. Nilirudi darajani, nikashika ukingo wake. Mume wangu alisimama karibu yangu, akavuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta nyingine. Mabega yake, ambayo kwa wiki nyingi yalikuwa karibu na masikio, yalishuka.

Mama wa Kihindi alikuwa amevua viatu. Alisimama katikati ya daraja na mumewe, shungi lake limelowa mvuke, wote wawili wametazama chini. Mzee alikuwa akisema kitu na mama hakusikia kwa sababu ya ngurumo, akamwashiria anyamaze aangalie.

Ngara tulipata posta, nikapeleka simu ya maandishi kwa mama mkwe. Nilitaka kuandika mengi, nikaandika tu kwamba gari limetoka na nyumba ni yako. Baadaye alituambia kwamba alikwenda nayo hadi kwa jirani ili asomewe tena.

Tulirudi Ushirombo juu ya magunia ya kahawa, chini ya turubai lililofunguliwa upande mmoja, upepo ukiingia. Mzee na mkewe walikaa mbele na dereva, wamebanana. Mume wangu hakuwa na usukani wala karatasi mkononi. Alijilaza ubavu, akaanza kuniuliza majina ya miti tuliyopita, na nilipokosa jina la Kiswahili nilimpa la Kisumbwa, naye akalirudia vibaya, akalirudia tena. Karibu na Nyakanazi alikuwa ameshalala, mdomo wazi, na mimi nikamfunika uso na kanga yangu kwa ajili ya vumbi.